Betri Kubwa kwenye Kifaa Kidogo: Mwongozo kwa Mafundi wa Lamu

Kazi nyingi za ufundi hapa Lamu hufanyika mahali pasipo na tundu la umeme. Anayetoboa mataruma ya mashua kwenye ufuo wa Matondoni, anayefunga bawaba za mlango katika nyumba isiyokwisha kujengwa huko Shela, na anayevuka kwa boti kwenda kutengeneza fremu za madirisha Manda, wote hutegemea betri walizobeba mfukoni, nazo zikiisha saa nane mchana hakuna duka la jirani la kukimbilia. Ndiyo maana swali hili huletwa mezani kwangu mara kwa mara, mwenye swali akiwa ameshika drili yake ndogo mkono mmoja na betri ya kifaa cha mwenzake mkono wa pili: “Fundi, betri hii ni kubwa kuliko yangu, nikiitia humu itafaa?”

Jibu linategemea maana ya neno hilo, kubwa. Betri inaweza kuwa kubwa kwa volti, na inaweza kuwa kubwa kwa ampea-saa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa ingawa yote hufanya betri iwe nene na nzito mkononi. Fikiria tangi la maji lililo juu ya dari ya nyumba. Ukiliondoa ukaweka tangi pana zaidi pale pale lilipokuwa, mfereji wa chini utatoa maji kwa nguvu ile ile, ila yatachukua muda mrefu zaidi kwisha. Hizo ndizo ampea-saa. Ukilipandisha tangi orofa mbili juu zaidi, maji yatashuka kwa shinikizo ambalo mabomba hayakuandaliwa kulibeba. Hizo ndizo volti. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutambua ni ukubwa upi ulio nao mkononi, lini unaweza kuutumia bila wasiwasi, na lini unapaswa kuacha hata kama kazi imebaki matundu matatu tu.

Hatua ya kwanza: soma kibandiko, kisha uhakikishe kwa mita

Kila betri ya kuaminika ina maandishi, mara nyingi upande wa chini, yanayoonyesha herufi V kwa volti na Ah kwa ampea-saa. Nyingine huongeza Wh, yaani wati-saa, ambazo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa na ndizo kipimo cha kazi yote iliyomo ndani ya betri. Betri ya volti 18 yenye Ah 2 ina wati-saa 36, na ya volti 18 yenye Ah 5 ina wati-saa 90, kwa hiyo ya pili itatoboa matundu mara mbili na nusu ya yale ya kwanza, au zaidi kidogo kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Hapo kwenye volti pana mtego wa majina ambao umewapotosha wengi. Ndani ya betri mna seli, yaani vijibetri vidogo vilivyoungwa pamoja. Seli moja ya lithiamu-ioni huhesabiwa kuwa na volti 3.6 katika matumizi ya kawaida, lakini ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli tano zikiungwa kwa mfuatano hutoa volti 18 za kawaida na 21 zikiwa zimejaa, na kwa sababu hiyo kampuni moja huandika 18 na nyingine huandika 20 kwenye betri ambazo ndani yake zina idadi ile ile ya seli. DeWalt, kwa mfano, huuza vifaa vyake vya seli tano Marekani kwa jina la 20V Max na Ulaya kwa jina la 18V. Vivyo hivyo, betri iliyoandikwa 10.8 na ile iliyoandikwa 12 katika vifaa vidogo vya lithiamu zote ni za seli tatu. Tofauti ya 18 na 20, au ya 10.8 na 12, si tofauti ya umeme bali ni ya namna ya kuhesabu.

Kama kibandiko kimefutika, jambo la kawaida kwa betri iliyokaa miaka kwenye mikono ya jasho na chumvi, ichaji hadi taa ya chaja ionyeshe kwamba imejaa, kisha pima kati ya ncha ya chanya na ya hasi kwa mita ya volti. Ukisoma karibu na 12.6 ina seli tatu, ukisoma 16.8 ina seli nne, na ukisoma 21 ina seli tano. Usipime kwa kuingiza ncha mbili za chuma ovyo kwenye matundu ya betri, kwa maana ncha hizo zikigusana umeme wote utapita hapo kwa cheche inayoweza kuyeyusha chuma na kuunguza vidole.

Hatua ya pili: volti zikiwa sawa na ampea-saa zikiwa zaidi, endelea

Hii ndiyo hali njema, na ndiyo ambayo mafundi huiogopa bila sababu. Nimewaona watu wazima wakikataa kuweka betri ya Ah 5 kwenye drili iliyokuja na betri ya Ah 1.5, wakidhani kwamba betri kubwa “itausukuma” umeme mwingi ndani ya mota mpaka iungue. Betri haisukumi ampea, yaani mkondo wa umeme. Mota ndiyo inayovuta mkondo kulingana na ugumu wa kazi, na volti zikiwa zile zile, drili inayotoboa ubao wa mwembe itavuta mkondo ule ule, iwe betri ni ya Ah 1.5 au ya Ah 9.

Tena ipo faida ambayo haimo kwenye hesabu ya muda peke yake. Betri ya volti 18 yenye Ah 2 kwa kawaida ina safu moja ya seli tano. Ile ya Ah 4 au 5 huwa na safu mbili, seli kumi kwa jumla, zikiwa zimeungwa sambamba, kwa hiyo mota ikidai ampea 20, kila safu hutoa 10 tu. Seli inayotoa mkondo mdogo hupata joto kidogo na haizamishi volti zake sana, na ndiyo sababu fundi anayekata mbao nene za mvule kwa msumeno wa umeme huhisi kana kwamba kifaa kimepata nguvu mpya anapobadilisha betri. Nguvu hiyo ilikuwemo siku zote, ila betri ndogo ilikuwa inashindwa kuifikisha. Kwa msumeno wa mviringo, grainda na mashine ya msasa, mimi humshauri mtu asinunue kabisa betri ya chini ya Ah 4.

Hata hivyo yapo mambo manne ya kuangalia.

Kwanza ni uzito. Seli za umbo la kawaida, zenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, huwa na uzito wa gramu 45 hivi kila moja, kwa hiyo safu ya pili huongeza gramu 225 kabla ya kuhesabu plastiki. Kwa anayetoboa kichwa kikiwa chini ya boriti, mikono imeinuliwa kutwa, uzito huo si jambo dogo, na kwake yeye betri mbili za Ah 2 zinazobadilishwa zinaweza kuwa bora kuliko moja ya Ah 4.

Pili ni joto la kifaa chenyewe. Betri ndogo ilikuwa ikimlazimisha fundi kupumzika, na katika kupumzika kwake mota ilikuwa ikipoa. Betri kubwa haichoki mapema, kwa hiyo drili ndogo inaweza kufanyizwa kazi nusu saa mfululizo bila kupata nafasi ya kupumua. Hili si kosa la betri, lakini matokeo yake ni yale yale ya waya za mota kuungua. Ukiona mwili wa drili umekuwa moto kiasi cha kushindwa kuushika, ondoa keekee kwenye mbao, uiache izunguke bila mzigo kwa dakika moja ili feni yake ya ndani ipitishe hewa, kisha uiweke kivulini.

Tatu ni muda wa kuchaji. Chaja inayotoa ampea 3 hujaza betri ya Ah 2 kwa dakika 40 hivi, lakini ya Ah 5 itahitaji saa moja na dakika 40 na zaidi kidogo, kwa kuwa chaja hupunguza mkondo betri inapokaribia kujaa. Anayetegemea jenereta inayowashwa kwa saa chache tu jioni apige hesabu hiyo mapema.

Nne ni vipingamizi vilivyowekwa kwa makusudi. Baadhi ya vifaa vya zamani vya lithiamu havina mfumo wa kuwasiliana na betri ili kuuzima umeme seli zinapokaribia kuisha au zinapopata joto kali. Makita, kwa mfano, huweka alama ya nyota kwenye vifaa na betri zenye mawasiliano hayo, na betri zake kubwa zimetengenezwa zisiingie katika vifaa visivyo na alama hiyo. Ukikuta betri ya volti zile zile na ya kampuni ile ile inagoma kuingia, sababu ni hiyo. Usichukue patasi ukakwangua kijino cha plastiki kinachoizuia. Seli ya lithiamu iliyoteremshwa chini sana, kiasi cha volti 2 na kushuka, huharibika ndani kwa namna isiyoonekana, na hatari yake hujitokeza baadaye inapochajiwa.

Hatua ya tatu: volti zikiwa zaidi, simama

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu nimelipa gharama yake mwenyewe. Marehemu mjomba wangu aliniachia drili ya volti 12 ya zamani, yenye betri ya nikeli-kadimiamu iliyokuwa imekufa. Nilichukua betri ya lithiamu ya volti 18, nikaunganisha waya mbili kwenye ncha zake, nikaanza kutoboa mbambakofi. Siku ya kwanza ilifanya kazi kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na nikawaonyesha wenzangu. Siku ya tatu keekee ilikwama kwenye fundo la mti, nikaendelea kukibonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa nikitaraji itajinasua, na moshi ukatoka kwenye matundu ya hewa. Kaboni, yaani vipande vidogo vinavyopitisha umeme hadi sehemu ya mota inayozunguka, zilikuwa zimemeguka, shaba inayozigusa ilikuwa imeungua nyeusi, na hakuna aliyeweza kunipatia mota nyingine ya aina ile. Kifaa kilichomtumikia mjomba miaka mingi nilikimaliza kwa siku tatu.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Kasi ya mota ya kaboni hupanda sawia na volti, kwa hiyo mota ya volti 12 ikipewa 18 huzunguka mara moja na nusu ya kasi iliyokusudiwa, na gia zake na beringi zake huzunguka hivyo pia. Kukwama ndiko kunakoua zaidi. Mota iliyosimama ilhali umeme unaendelea kuingia haina kinachozuia mkondo isipokuwa ukinzani wa waya zake, na mkondo huo huongezeka kwa kiwango kile kile cha volti, yaani mara 1.5. Lakini joto hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, na 1.5 ikizidishwa kwa 1.5 ni 2.25. Joto linalozaliwa ndani ya waya ni zaidi ya mara mbili, katika kifaa ambacho feni yake haizunguki wakati huo. Hata hatua fupi ya kutoka volti 14.4 kwenda 18 huongeza joto hilo kwa zaidi ya nusu.

Swichi nayo ina kikomo chake. Kitufe kinachobadilisha kasi kina kipande cha elektroniki kilichochaguliwa kwa volti za betri yake, na katika vifaa visivyo na kaboni mzunguko mzima wa umeme huongozwa na vipande kama hivyo, ambavyo huweza kufa papo hapo bila harufu wala onyo. Kwa hiyo kifaa kisicho na kaboni usikipe volti zaidi hata kwa majaribio ya sekunde moja.

Yapo mazingira machache ambapo namba kubwa ya volti kwenye betri haimaanishi hatari, nayo yote yametayarishwa na mtengenezaji mwenyewe. DeWalt ilipotoa betri za Flexvolt mwaka 2016, iliweka ndani yake seli zinazojipanga upya kulingana na kifaa. Zikiingia kwenye kifaa cha volti 60 seli kumi na tano huwa safu moja, na zikiingia kwenye kifaa cha volti 20 hujigawa kuwa safu tatu za seli tano. Ndiyo maana betri moja huandikwa Ah 6 kwa volti 20 na Ah 2 kwa volti 60, na ukizidisha utaona kwamba wati-saa ni 120 kwa njia zote mbili. Betri ya namna hiyo ni halali kabisa kwenye drili ya 20V Max ya kampuni hiyo. Ryobi nao, kwa mfumo wao wa volti 18 wa ONE+ ulioanza mwaka 1996 kwa nikeli-kadimiamu, walihifadhi umbo lile lile walipohamia lithiamu, hivyo drili ya zamani ya mfumo huo huweza kutumia betri mpya. Nje ya mipango kama hiyo, umbo la betri likikataa kuingia, chukulia kwamba mtengenezaji amekwisha kukujibu.

Hatua ya nne: kufufua kifaa cha zamani cha nikeli-kadimiamu

Maboma mengi ya drili yaliyolala chini ya meza zetu ni ya aina hii. Mota ni nzima, betri imekufa, na betri mpya haipatikani. Kazi hii inawezekana, na ni heri kuliko kutupa chuma kizima, mradi ulinganishe volti za betri iliyojaa na si namba ya kibandiko peke yake.

Seli ya nikeli-kadimiamu huhesabiwa kwa volti 1.2, lakini ikitoka kwenye chaja huwa karibu na 1.4. Betri ya volti 18 ina seli kumi na tano, kwa hiyo ikijaa hufika 21, sawasawa na seli tano za lithiamu. Betri ya 14.4 ina seli kumi na mbili, zikijaa ni 16.8, sawasawa na seli nne za lithiamu. Hiyo ndiyo sababu DeWalt iliweza kutengeneza adapta ya kuingiza betri za 20V Max katika vifaa vyake vya zamani vya volti 18. Adapta za namna hii ziondolewe kwenye betri kazi inapokwisha, maana huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo usiku kucha.

Betri ya volti 12 ndiyo yenye utata, kwa kuwa seli kumi zikijaa hufika 14.0. Seli tatu za lithiamu-ioni hufika 12.6 tu, na drili itakuwa dhaifu kidogo ingawa iko salama. Seli nne hufika 16.8, ambazo zimezidi. Jibu zuri ni lithiamu-chuma-fosfeti, ambayo seli yake ni ya volti 3.2 na hujaa kwenye 3.65. Nne zikiungwa kwa mfuatano hutoa 12.8 za kawaida na 14.6 zikijaa, karibu kabisa na ile betri ya asili, na aina hii ya seli huvumilia joto kuliko lithiamu-ioni ya kawaida. Laiti ningelijua hilo wakati ule, drili ya mjomba ingekuwa ingali inafanya kazi.

Anayeamua kuijenga betri hiyo anunue seli zilizotengenezwa kwa ajili ya mkondo mkubwa, si zile za tochi wala za kompyuta. Aweke kibao cha ulinzi kinacholingana na idadi na aina ya seli, kinachobeba ampea 30 au zaidi, na kinachosawazisha seli wakati wa kuchaji. Aunge seli kwa vibati vya nikeli na mashine ya kuchomelea kwa nukta, kwa sababu joto la pasi ya risasi likikaa juu ya seli huharibu mihuri yake ya ndani. Aweke fyuzi ya ampea 30 karibu na ncha ya chanya. Na chaja ya zamani ya nikeli-kadimiamu aiweke mbali kabisa na meza hiyo, kwani haijui kusimama kwenye volti ambazo lithiamu inahitaji, na kuchaji lithiamu kupita kiasi ni njia fupi ya kuwasha moto nyumbani. Asiye na mashine ya kuchomelea na mita nzuri ampelekee mwenye navyo, kwa maana kazi hii haina nafasi ya kukisia.

Hatua ya tano: vipunguza volti na adapta za madukani

Wapo wanaouliza kwa nini wasichukue betri ya volti 18, wakaweka kifaa cha kupunguza volti katikati, wakapata 12. Kwa taa ya kazi, redio au feni ndogo, njia hiyo ni nzuri na mimi huitumia. Kwa drili si rahisi, kwa sababu drili inayofanya kazi ngumu huvuta ampea 20 au 30, na inapokwama huvuta zaidi ya hapo, ilhali vibao vingi vya bei nafuu vinavyouzwa kwa kazi hii huandikwa ampea 5 au 10. Kibao cha namna hiyo ama hujizima kila unapobonyeza kitufe, ama huungua, na vingine vinapoungua huacha volti zote 18 zipite moja kwa moja hadi kwenye mota.

Adapta za kuhamisha betri ya kampuni moja kwenda kifaa cha kampuni nyingine chenye volti zile zile zinafanya kazi, lakini nyingi ni vipande vya shaba ndani ya plastiki bila ulinzi wowote. Kama ulinzi wa kuzuia betri isiishe kabisa ulikuwa ndani ya kifaa cha asili, basi kwa adapta hiyo haupo tena. Mwenye kuitumia na aache kazi mara tu drili inapoanza kupoteza kasi, asingoje isimame.

Hatua ya sita: jaribio la kwanza

Usiijaribu betri ngeni kwa mara ya kwanza juu ya mashua ya mtu. Iweke mezani, zungusha kifaa bila mzigo kwa dakika moja, kisha toa betri na uguse ncha zake na mwili wake. Toboa ubao laini kwa keekee ndogo, matundu matano, ukaguse tena. Kisha mti mgumu. Vuguvugu ni kawaida. Moto wa kukufanya utoe mkono haufai, na ncha zikiwa moto kuliko mwili wa betri, mgusano ni mbaya, aghalabu kwa sababu ya kutu. Harufu ya varnishi inayoungua ina maana kwamba jaribio limekwisha.

Kununua na kusafirisha

Seli moja ya kawaida ya milimita 18 kwa 65, hata iliyo bora, hubeba kiasi cha Ah 3.5. Betri ya volti 18 yenye seli kumi za namna hiyo haiwezi kuzidi Ah 7, na ukiona iliyoandikwa Ah 9 au 12 ikiwa na umbo la ile ya Ah 5, maandishi hayo si ya kweli. Ipime kwa mizani ya duka la viungo: seli kumi peke yake ni gramu 450, kwa hiyo betri ya Ah 5 inayodaiwa kuwa na seli kumi za namna hiyo, lakini haifiki gramu 500, imepunjwa seli.

Anayeletewa vifaa na jamaa aliye nje aangalie chaja pia. Umeme wetu ni wa volti 240. Chaja iliyoandikwa 120 peke yake kutoka Marekani, au 100 kutoka Japani, itaungua mara tu ikichomekwa bila transfoma ya kushusha, lakini iliyoandikwa 100–240 ni salama. Na anayesafiri kwa ndege hadi Manda ajue kwamba betri za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye mzigo unaokwenda chini, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Zisizozidi wati-saa 100 huruhusiwa, na zilizo kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege na hazizidi mbili kwa msafiri. Betri ya volti 18 na Ah 5, yenye wati-saa 90, hupita. Ya Ah 6, yenye 108, iombewe idhini kabla ya siku ya safari.

Chumvi, jua na maji ya bahari

Hewa yetu hula shaba. Mara moja kwa mwezi, betri ikiwa imetolewa, sugua ncha za kifaa kwa kifutio cha penseli na uzipanguse kwa kitambaa kilicholowa spiriti, kisha uache zikauke kabisa. Betri isiyotumika ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji, mahali penye kivuli na hewa, na katika miezi ya kaskazi isiachwe juu ya sitaha wala kwenye ndoo ya plastiki juani. Iliyotoka kazini ikiwa moto ipoe kwanza kabla ya kuchajiwa, kwa kuwa lithiamu-ioni haifai kuchajiwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Wala isichajiwe usiku chini ya paa la makuti watu wakiwa wamelala. Mitaa yetu ni myembamba, nyumba zimegusana, na gari la zimamoto halina pa kupita.

Betri iliyotumbukia baharini, hata kwa dakika moja, ihesabiwe kuwa imekufa hata kama bado inazungusha drili. Maji ya chumvi hubaki kati ya seli na kuendelea kupitisha umeme baada ya plastiki kukauka, na inaweza kuanza kupata joto saa nyingi au siku kadhaa baadaye. Usiichaji na usiifungue. Itoe nje, uiweke juu ya mchanga au mawe, mbali na ukuta, makuti, mashua na mafuta, na uiache hapo siku kadhaa ukiwazuia watoto kuikaribia. Ikianza kutoa moshi, simama upande upepo unakotoka, na kama moto umeshika mwagia maji mengi bila kukoma hadi ipoe, ukijihadhari na moshi wake ambao una sumu. Baada ya hapo ifunike ncha kwa utepe, uiweke kwenye mkebe wenye mchanga pamoja na betri nyingine zilizokufa, na mzigo ukikusanyika upelekwe kwa boti hadi Mokowe na kwa barabara kwa wanaopokea taka za umeme. Usiitupe kwenye moto wa taka wala usiirudishe baharini.